Komeo la Nje

Kitu kikiwa cha watu wote, siku kikipotea kinamuuma nani?

Huenda niliingia katika mtaa ule nikiwa na swali hili, au huenda nililiokota humo humo. Siwezi kusema kwa hakika, maana mtaa haukuwa na jina na miaka yake haikufuatana. Kulikuwa na mwaka uliopita ukaenda zake, kisha ukarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Asubuhi nyingine niliamka kijana, nikaenda kisimani nikiruka mitaro, na nilipogeuka kurudi na ndoo magoti yalikuwa yakinilia kama bawaba kavu. Watu hawakushangaa. Walinisalimia shikamoo asubuhi na mambo jioni, au kinyume chake, kufuatana na uso niliokuwa nao. Jambo moja tu halikubadilika: Mwanahawa alikuwa mke wangu katika umri wangu wote, na kila uso niliokuja nao yeye alikuwa ameshauzoea.

Nyumba za mtaa zilijengwa kwa duara, zikitazamana juu ya kiwanja kitupu. Madirisha yalikuwa membamba, ya kupitisha mkono na kitu kilichomo mkononi. Bega la mtu mzima halikupita. Wizi ulipoingia, uliingia kidogo kidogo. Leo pasi ya mkaa, kesho jogoo, keshokutwa doti ya kanga ambayo haijapata kuloweshwa. Tukaanza kutazamana. Mtu alikuwa akitoka chooni anakuta macho yanamsubiri. Mwishowe tulichoka, kwa sababu kumtazama mtu ni kazi, nayo haina mshahara wala likizo. Ndipo Mzee Kondo, mwenyekiti wetu, akaita mkutano, na mkutano ukapata dawa.

Makomeo yote yang'olewe ndani ya milango, yakapigiliwe nje. Jua likizama, kila nyumba itoe mtu mmoja akamfungie jirani wa kulia, kisha arudi kwake, naye afungiwe na jirani wa kushoto. Asiyeweza kutoka hawezi kuiba. Asiyejifungia mwenyewe hawezi kujifungulia. Hakuna atakayelinda nyumba yake, na kila nyumba italindwa.

Nilisimama nikaiunga mkono dawa hiyo kwa maneno mazuri. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimeshaota mvi, katika darasa la jioni, nimekaa dawati moja na wauza mkaa, na tangu siku hizo napenda jambo lililopangika. Hili lilikuwa limepangika. Nilipokaa, Mwanahawa alikuwa bado anachagua mchele katika ungo wake. Hakuinua uso.

"Duara likijifunga lote," alisema, "wa mwisho anafungiwa na nani?"

Mzee Kondo alizihesabu nyumba kwa kidole. Akazihesabu tena kwa fimbo. Wa kwanza kufungiwa hawezi tena kutoka akamfungie wa mwisho. Hata mimi niliyesoma sikuwa nimeliona hilo.

"Basi abaki mmoja nje," alisema Shomari, jirani yetu mwenye redio ya sauti kubwa kuliko sebule yake. "Lakini awe mwaminifu."

"Nipeni mkeka," alisema Mwanahawa. "Nyumba yetu ndiyo ya mwisho. Nitamfungia mume wangu nilale barazani."

Nikapinga. Nikasema kulala nje ni kazi ya mwanamume.

"Wewe ukishalala, baba Mwaka," aliniambia mbele ya watu wote, "mwizi anaweza kukung'oa meno ukamshukuru."

Mtaa ulicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa ni kweli nakoroma, na kwa kuwa katika umri ule, sijui ulikuwa upi, nilipenda anavyonitania mbele za watu kuliko wengine wanavyopenda kusifiwa.

*

Jioni. Mlango kati yetu. Yeye upande wa hewa, mimi upande wa taa.

"Umekula?"

"Nimekula. Umejifunika?"

"Nimejifunika. Mchuzi haukuzidi chumvi?"

"Ulizidi kidogo."

"Basi kesho upike wewe."

Nilikaa chini na mgongo wangu kwenye ubao, naye akakaa vivyo hivyo upande wa pili, na kati ya migongo yetu palikuwa na unene wa mbao ya mninga. Tuliongea hivyo kuliko tulivyopata kuongea katika kitanda kimoja. Nilimuuliza anaona nini huko nje. Aliniambia anaona milango, na kwamba mlango uliofungwa kwa nje una sura ya mtu aliyezibwa mdomo na mtu anayempenda. Nilimwambia hayo ni mashairi. Akasema hayo ni macho tu.

Kisha nilimsikia akiinuka. Nilizisikia kandambili zake zikizunguka duara, zikisimama dirisha hili, zikisimama dirisha lile, na sauti yake chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake ili mama apate kulala.

"Unaongea na nani?"

"Nawasalimia."

Sikuuliza zaidi. Ndani ya nyumba zetu tulikuwa tumeanza kulala usingizi wa ajabu, usingizi wa mtu aliyemkabidhi mwingine mzigo. Bi Stumai, mjane mshona nguo, aliacha kuuliza mwanawe Sefu anashinda wapi na nani. Alijua jioni yumo ndani, na kuwamo ndani kulimtosha. Shomari aliacha kugombana na wanawe. Sisi wote tuliacha mazungumzo yale magumu ambayo mtu huyafanya na aliyemzaa, au aliyemuoa, au na yeye mwenyewe akiwa ananawa uso. Ya nini? Komeo lipo. Komeo likawa baba, likawa mama, likawa ile sauti ndogo inayomkataza mtu. Na sauti ile, isipotumiwa, nadhani husinyaa kama mkono uliofungwa muda mrefu katika bendeji. Mkono huo ukifunguliwa upo, una vidole vyote, ila haushiki.

Ndipo pasi ya pili ya Bi Stumai ikapotea. Ikapotea redio ya Shomari, ile ya kelele. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa nje.

*

Mkutano ulikaa asubuhi, jua likiwa kali. Mwanahawa aliletewa kigoda katikati ya kiwanja, kwa heshima.

"Hatusemi ni wewe, mama," alianza Mzee Kondo. "Asije mtu akasema tumesema ni wewe. Tunauliza tu, nani mwingine?"

"Swali zuri," alisema Mwanahawa. "Kila mtu akaliulize kwake."

"Kwetu tulifungiwa."

"Ndiyo. Nami ndiye niliyeona mlivyofungiwa na mliofungiwa nao."

Minong'ono ikapita. Bi Stumai aliinamisha kichwa akawa anavuta uzi katika pindo la kanga yake.

"Kama kuna ulichokiona, sema," alisema Shomari. "Ndiyo kazi tuliyokupa. Wewe ndiye jicho letu."

"Mlinipa mkeka, Shomari. Jicho hamkunipa. Nikisema mimi, mtajua. Na mkishajua kwa mdomo wangu, kesho mtataka nijue tena kwa ajili yenu, na mtaendelea kulala. Aseme mwenye nyumba. Mmoja tu. Asimame mmoja aseme, kwangu kuna hivi na hivi, nisaidieni. Nitamsaidia mpaka mwisho."

Hakusimama mtu. Nilitazama nyuso zile. Watu walikuwa wakitazamana, kila mmoja akisubiri kumwona atakayesimama, na kwa jinsi wote walivyokuwa watazamaji hapakuwa na wa kutazamwa.

Hoja yao ilikuwa hivi: wote walikuwa ndani isipokuwa mmoja, vitu vimetoka, basi aliyevitoa ni yule mmoja. Niliipindua hoja ile kama nilivyofundishwa, nikitafuta ufa, na sikuuona. Ilinitisha. Nilimjua mke wangu, na nilijua kujumlisha, na vitu hivyo viwili havikukaa pamoja kichwani mwangu. Nikafanya kosa la watu wanaoipenda akili yao. Niliamini kwamba hoja iliyomfunga ndiyo itakayomfungua.

Kwa hiyo walipoamua afungiwe ndani, na boriti ndefu ipitishwe mlangoni, na boriti hiyo isiondolewe mpaka kila nyumba ya mtaa itie mkono wake, ili mtu mmoja asije akamtoa kwa upendeleo, mimi sikupinga. Niliomba jambo moja: nibaki nje mahali pake. Akiwa ndani na wizi ukiendelea, nilijisemea, watakuwa hawana la kusema.

Mwanahawa aliingia mwenyewe. Kabla mlango haujafungwa alinitazama, sijui kama kijana au kama mzee.

"Usisahau kujifunika," alisema.

*

Jioni. Mlango kati yetu. Sasa mimi upande wa hewa.

Hapo ndipo nilipoona alichokuwa akikiona. Giza halikuwa limeingia sawasawa. Katika dirisha la Bi Stumai ulitoka mkono wenye kitambaa cha mezani kilichotariziwa, na nje palikuwa na mtu wa mtaa mwingine anayepokea. Nilikwenda mbio kadiri magoti yalivyoniruhusu. Mpokeaji alitoweka. Mkono ulibaki umening'inia dirishani. Ulikuwa wa Sefu, mwanamume mwenye ndevu, niliyemjua tangu akiwa anabebwa mgongoni.

"Nimekuona," nilimwambia.

"Umeniona," alijibu kutoka gizani. "Haya. Na wewe nani anakuona?"

Njiani kurudi niliona mikono mingine madirishani, kwa Shomari na kwa Mzee Kondo. Nilirudi barazani nikakaa na mgongo wangu kwenye ubao.

"Ni Sefu," nilimwambia Mwanahawa.

"Najua."

"Na kwa Shomari ni mkwewe. Na kule kwa Mzee Kondo."

"Najua, baba Mwaka. Umemwambia nini Sefu?"

"Nimemwambia nimemwona."

Alisema taratibu, bila kunilaumu: "Kuonwa wameshazoea. Mimi nilikuwa namwambia, rudisha ndani mwanangu, kesho mama yako atakitafuta halafu atajilaumu yeye. Siku nyingine alirudisha. Siku nyingine alilia kidogo ndipo akarudisha. Ile pasi niliikosa kwa sababu nilikuwa dirisha la kwa Shomari."

Kumbe kandambili zile ndizo zilizokuwa zikiulinda mtaa. Komeo halikulinda kitu.

Wizi uliongezeka. Nilikwenda kwa furaha ya kijinga kuwaeleza. Nikasimama kiwanjani nikasema, tazameni, amefungwa na vitu vinatoka, hoja imekwisha. Nikasema vinatoka madirishani, kwa mikono ya wenye nyumba.

"Kumbe mlikuwa wawili," alisema Shomari.

Akasema kwa masikitiko ya kweli. Sitamsingizia, aliumia kwa kuvunjika moyo nasi.

*

Nani alisema mtaa una macho mengi? Macho mengi ni jicho moja lililogawanywa mpaka likabaki chembe. Nani alisema mkono wa wengi hauchoki? Hauchoki kwa kuwa hauanzi. Nilijiuliza hayo nikiwa nimelala kwenye mkeka wake, ambao ulikuwa bado na harufu ya karafuu ya nywele zake, na ndani nilimsikia akikohoa. Alikohoa siku ile, au mwaka ule. Nilimpitishia uji dirishani. Siku nyingine kikombe kilirudi kitupu, siku nyingine kilirudi kama kilivyokwenda, kisha kikawa hakirudi.

"Baba Mwaka."

"Naam."

"Nahisi baridi na jua nalisikia ukutani. Nitoe nikaote."

Nilishika boriti. Nilishika kwa mikono miwili, na nilikumbuka kuwa sheria niliikubali mwenyewe mbele ya watu, na kwamba nikiivunja watasema, mliona, ndivyo walivyo. Nilitaka atoke kwa haki. Nilitaka atoke mchana, mikono yote ikiwa juu ya boriti, asiwepo hata mmoja wa kusema baadaye kuwa alitoroshwa. Niliitaka heshima yake hata kuliko alivyoitaka yeye, ambaye alitaka jua.

Nikasema, "Vumilia kidogo. Nawaita."

"Usiende mbali," alisema.

Asubuhi ile nilizunguka duara lote. Mzee Kondo alinisikiliza akiwa anakunywa chai.

"Mgonjwa ni mgonjwa," alisema. "Mimi sina kinyongo. Wengine wamekubali?"

"Naanza na wewe."

"Ah, usianze na mimi. Mwenyekiti akitangulia itaonekana ni amri. Wakija wengine utaniona."

Kwa Shomari: "Mzee Mwinshehe, mimi nilikwishamsamehe zamani. Kondo anasemaje?"

"Anasubiri wengine."

"Basi nami ni katika hao wengine. Niandike kuwa nipo."

Nyumba baada ya nyumba, sikupata aliyekataa. Mtaa mzima ulikubali, na kila mtu alikubali akiwa amekaa. Niliomba, nilikaripia, mwisho nikalia, na kilio ndicho kilichowainua. Walikuja wakasimama mbele ya boriti. Mzee Kondo alizihesabu nyumba kwa fimbo yake.

"Umepungua mkono mmoja," alisema. "Wa Bi Stumai."

"Tunyanyue tu," nilisema. "Anakuja."

"Tumesema kila nyumba. Tukiacha mmoja leo, kesho tutaacha wawili."

Kutoka ndani sikusikia kitu. Niligonga nikamwambia naenda kwa Stumai tu, hapo ng'ambo ya kiwanja. Nilidhani nimesikia akiniambia kitu. Sijui. Nilikuwa nimeshageuka.

Bi Stumai alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake bila kushona.

"Mama, mkono wako unasubiriwa."

"Nakuja vipi, Mzee Mwinshehe? Akitoka atanitazama."

"Hatakutazama vibaya. Hana tabia hiyo."

"Ndiyo sababu siwezi." Alipitisha kidole juu ya sindano, polepole. "Ni mwanangu. Nilijua tangu pasi ya kwanza. Nilikuwa nasikia anavyombembeleza dirishani, mwanangu mimi, anabembelezwa na mke wa mtu, nami nimelala kitandani nimejifunika uso. Nilifurahi kuna mwingine wa kusema naye. Umenisikia? Nilifurahi."

"Njoo uyaseme hayo kiwanjani."

"Wakimpiga?"

"Nitasimama mbele yake."

"Wewe peke yako?"

Alishika kichwa chake kwa mikono miwili akaanza kulia bila sauti, na mimi, mtu mwenye umri ule, nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikamsubiri amalize, kwa sababu nilifundishwa kuwa mwanamke anayelia haachwi.

Niliporudi kiwanja kilikuwa kitupu. Adhana ilikuwa imepita, na kutoka kila nyumba ilikuja harufu ya wali na dagaa. Walikuwa wamekwenda kula. Juu ya boriti lilionekana jasho la viganja vya watu walioishika wakaiacha.

Nikainyanyua.

Ilinyanyuka. Niliiegemeza ukutani kama mtu anavyoegemeza jembe. Haikuwa nzito, ilikuwa mti, wa uzito wa mti, na mzee mmoja mwenye magoti mabovu alitosha.

Nilisukuma mlango na mlango haukwenda. Niliweka bega nikasukuma tena, ukasogea kidogo, ukagoma. Kitu kilikuwa kimeuegemea kwa ndani. Alikuwa amekaa chini na mgongo wake kwenye ubao, mahali petu, akinisubiri. Nikajua ninachokisukuma, na hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia ila kuendelea kukisukuma.

*

Walikuja, midomo bado ina mafuta. Walisimama nje ya mlango, wa mbele wakiwazuia wa nyuma.

"Nani ameondoa boriti?" aliuliza Mzee Kondo.

Watu walitazamana.

"Mimi," nilisema. Nilikuwa nimekilaza kichwa chake pajani.

"Wewe na nani?"

"Mimi."

Hakuuliza tena. Bi Stumai alipenya katikati ya watu, akaja akavua kanga yake ya juu akamfunika Mwanahawa miguu, kisha akageuka akawakabili.

"Pasi zangu alichukua mwanangu. Zote mbili. Na huyu alijua."

"Mama," alisema Shomari kwa upole, akimshika bega, "huu ni msiba. Tuyaache maneno hayo."

Na yakaachwa. Papo hapo mtaa ulianza kazi, nao ulikuwa hodari. Mmoja alikwenda kukata sanda, mwingine alishika jembe, wengine walileta turubai na masufuria, wanawake wakaanza kuchemsha maji. Sikumsikia hata mmoja akiuliza nani mwingine amekubali. Sefu alichimba kaburi mpaka mikono ikatoka malengelenge, wakamsifu.

Jeneza lilipotoka, wote walilikimbilia, kila mtu akitaka thawabu ya kubeba. Niliinua mkono wangu, nikazunguka upande huu, nikazunguka upande ule, nikitafuta pa kushika. Mikono ilikuwa mingi mno. Walikwenda naye hivyo, haraka haraka, kama ilivyo sunna, nami nikawafuata nyuma, nimeunyoosha mkono.